KIDONGE CHA MAUMIVU KISIWE KASUMBA MPYA

Neno kasumba limezoeleka sana katika maandishi ya siasa ya nchi hii. Kwa muda wa miaka mingi limetumika kueleza fikra mbovu zinazomkaa mtu kichwani bila ya mwenyewe kutambua, hasa zile zilizoachwa na wakoloni. Lakini kabla ya kuwa neno la siasa, kasumba lilikuwa ni jina la kitu. Wazee wa pwani hii waliita kasumba, au afyuni, ule utomvu uliogemwa katika tunda bichi la ua la popi na kukaushwa. Waliolichukua neno hilo na kulitia katika siasa walijua walifanyalo, kwani kasumba humtuliza mtu huku ikimfunga, na aliyekwisha kufungwa huwa ndiye wa kwanza kuitetea.

Leo tunalirudisha neno hilo katika maana yake ya asili, kwa sababu watoto na wajukuu wa kasumba wamo ndani ya makabati ya hospitali zetu na maduka yetu ya dawa. Wamekaa humo kwa haki, kwa kuwa kazi yao ni kubwa. Tunalotaka kulisema ni kwamba ulinzi wao hautoshi, na kwamba nusu ya ulinzi huo imo mikononi mwa watu wasiokuwa madaktari wala wafamasia.

Kwanza tuelewane juu ya dawa zenyewe. Katika utomvu wa popi ndimo Mjerumani Friedrich Sertürner alimotoa mofini mwanzoni mwa karne ya 19. Humo humo hupatikana kodeini, ambayo hutiwa katika baadhi ya dawa za kikohozi na vidonge vya maumivu. Baadaye viwanda vikajifunza kutengeneza dawa za namna hiyo bila ya kulitegemea ua: pethidini, fentanili, na tramadoli, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1962 na kuanza kuuzwa huko mwaka 1977. Dawa za ukoo huu si sawa na parasetamoli wala diklofenaki. Zenyewe huingia katika ubongo, zikashika mahali panapopokea habari ya maumivu, na pamoja na maumivu hugusa pia mahali pa raha. Mwili ukizizoea, kidonge kimoja hakitoshi tena, vinatakiwa viwili, kisha vinne. Anayejaribu kuacha ghafla hutokwa na jasho na makamasi, huharisha, hukosa usingizi, na huumwa na viungo vyote. Anayezidisha kipimo huweza kusita kupumua, na tramadoli ikizidi huweza pia kumwangusha mtu kwa degedege.

Hapana shaka yo yote kwamba wengi wa wasomaji wetu wataona haya ni mambo ya mateja na vichochoro, yasiyowahusu watu wa afisi na skuli. Hapo ndipo lilipo kosa. Heroini yenyewe, ambayo vijana wetu huiita unga, haikuzaliwa kichochoroni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliitoa sokoni kwa jina hilo hilo la Heroin, ikaiuza kuwa ni dawa ya kikohozi. Ilisifiwa na waganga waliosoma, na ikauzwa madukani kwa wagonjwa wa heshima. Miaka mingi ilipita kabla ya dunia kukubali kwamba dawa hiyo ilikuwa inafunga watu minyororo, na wakati huo minyororo ilikuwa imekwisha kufungwa.

Unguja inajua bei ya minyororo hiyo. Uchunguzi uliofanywa hapa mwaka 2007 miongoni mwa watu wanaojidunga dawa za kulevya ulionyesha kwamba asilimia 16 kati yao walikuwa na virusi vya UKIMWI, hali kiwango cha wananchi kwa jumla kilikuwa hakifiki asilimia moja. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 11.3. Kuanzia mwaka 2009 walisimama vijana waliokwisha kuacha unga wenyewe wakafungua nyumba za kupata nafuu, ambazo kila mtu hapa anazijua kwa jina la soba. Mwaka 2015 ikafunguliwa huduma ya methadoni katika hospitali ya Kidongo Chekundu, miaka minne baada ya Muhimbili kuanza. Hayo yote ni matengenezo ya ukuta baada ya ufa kuachwa. Hatuna haki ya kuuacha ufa wa pili tukiutazama kwa macho yetu.

Na ufa wa pili tumekwisha kuoneshwa na wenzetu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tutazame yaliyowapata Wamarekani, nchi yenye madaktari wengi, maabara kubwa na sheria nyingi.

Mwaka 1980 jarida kubwa la madaktari wa huko lilichapisha barua fupi ya sentensi chache. Waandishi walisema kwamba katika wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za ukoo wa mofini, walikuta wanne tu walioingia katika uraibu bila ya kuwa na historia yake. Ni wagonjwa waliolazwa hospitalini, waliokuwa chini ya macho ya wauguzi. Barua haikusema neno juu ya mtu anayekwenda na vidonge vyake nyumbani kwa miezi. Lakini maneno hayo machache yakabebwa kama hati ya kisheria. Watafiti waliohesabu mwaka 2017 walikuta barua hiyo imetajwa katika maandishi mengine mara 608, na mengi ya maandishi hayo yaliitumia kuthibitisha kwamba uraibu ni jambo la nadra. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ikatoa kidonge cha OxyContin, ikatuma mawakala kwa madaktari mji hata mji, ikawaambia wasiogope. Mwaka 2007 kampuni mwenza ya Purdue pamoja na wakubwa wake watatu walikiri makosa mahakamani kwa kuitangaza dawa hiyo kwa maelezo ya kupotosha juu ya hatari yake. Mwaka 2020 Purdue Pharma yenyewe ikakiri makosa ya jinai. Katikati ya miaka hiyo, yaani mwaka 2012, madaktari wa Marekani waliandika vyeti vipatavyo milioni 255 vya dawa za namna hii, karibu na idadi ya watu wazima wote wa nchi hiyo.

Ilipoonekana hatari na vyeti vikaanza kukazwa, waliokwisha kuzoea hawakuwa na pa kwenda ila kwa wauza heroini, kisha kwa wauza fentanili ya magendo. Katika mwaka 2021 peke yake Wamarekani zaidi ya 80,000 walikufa kwa dawa za ukoo huu, wengi wao kwa fentanili hiyo. Hivyo ndivyo faida ya wachache inavyoweza kugeuka msiba wa taifa. Na uangaliwe utaratibu wake: kifo kilianza kwa karatasi safi, yenye muhuri, iliyoandikwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Sasa tuje kwetu. Ingekuwa uongo kusema kwamba madaktari wa Mnazi Mmoja, Kivunge au Makunduchi wanamwaga mofini kama walivyomwaga wenzao wa Marekani. Hali yetu ni ya namna nyingine. Kwetu mlango ulio wazi si wa daktari bali ni wa duka. Kila mkaazi wa Mjini na wa shamba anajua kwamba dawa nyingi ambazo kwa sheria hutolewa kwa cheti hununuliwa bila ya cheti. Tumezoea kununua antibayotiki mbili tatu kama tununuavyo chumvi. Mazoea hayo yakivuka kutoka kwenye antibayotiki yakaingia kwenye tramadoli na kodeini, basi tutakuwa tumejenga Marekani yetu ndogo bila hata ya kuwa na daktari wa kulaumiwa.

Njia hiyo imekwisha kupitiwa na ndugu zetu wa Afrika. Tramadoli haimo katika orodha ya dawa zinazosimamiwa na mikataba ya kimataifa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliijadili tena mwaka 2018, wakashauri isitiwe katika orodha bali iendelee kuangaliwa, kwa kuhofia kwamba wagonjwa wa nchi masikini wangekosa hata hiyo moja wanayoweza kuipata. Nia yao ni njema, lakini wafanyabiashara wa magendo nao waliuona mwanya. Vidonge vyenye nguvu kupita kipimo cha matibabu vikamiminika Afrika ya Magharibi na Kaskazini. Vikatumiwa na madereva, wapagazi na vibarua, watu ambao hawakuwa wakitafuta ulevi, bali walikuwa wakitafuta mgongo usioumwa na siku ndefu zaidi ya kazi. Mwaka 2018 India, ambako vidonge vingi vya namna hiyo hutengenezwa, iliitia tramadoli chini ya sheria yake ya dawa za kulevya. Mwaka huo huo Nijeria ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa ya kikohozi yenye kodeini, baada ya kudhihirika jinsi vijana walivyokuwa wakiinywa kwa chupa. Huku kwetu Bara, Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya imekuwa ikionya juu ya kile inachokiita dawa tiba zenye asili ya kulevya. Jina hilo linastahili kukaririwa na kila mwalimu, kwa sababu linaeleza jambo lote kwa maneno machache: ni dawa, na tena inalevya.

Hapa, hata hivyo, tunapaswa kusimama na kutoa onyo la upande wa pili, kwani hofu nayo ni mshauri mbaya. Wako watakaosema: kama ni hivyo, dawa hizi zote zifungiwe. Hilo lingekuwa ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Yuko mgonjwa wa saratani aliyelala kijijini, ambaye ugonjwa wake umekwisha kupita uwezo wa kisu na wa mionzi. Kwake yeye mofini ndiyo tofauti kati ya kufa kama mtu na kufa kwa kelele. Kamisheni ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za ukoo wa mofini zilizokuwa zikigawanywa duniani kila mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Yaani wenye nacho wamekufa kwa kuvimbiwa na wasio nacho wanakufa kwa njaa, katika sinia moja. Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani wa Unguja na Pemba wamekuwa wakivuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi hurejea nyumbani kumalizia siku zao. Nani kati yetu atakayethubutu kumwambia mama wa namna hiyo avumilie, kwa sababu sisi tumeshindwa kulisimamia duka?

Kwamba mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja, Waganda wamethibitisha. Taasisi ya Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Daktari Anne Merriman, ilichukua unga wa mofini, ikauchanganya na maji, ikautia rangi ili kila nguvu ijulikane kwa rangi yake, ikaupeleka mpaka majumbani mwa wagonjwa. Mwaka 2004 kanuni za nchi zilibadilishwa ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu nao waweze kuiandika dawa hiyo. Hawakuwa na mali kutuzidi. Walichokuwa nacho ni hesabu: nani ameandika, nani ametoa, nani amepokea, kiasi gani kimebaki. Dawa iliyo katika hesabu hupunguza maumivu. Dawa ile ile ikitoka katika hesabu huzaa wagonjwa wapya.

Basi maana yote ya cheti ni hiyo. Wako wanaokiona cheti kuwa ni urasimu, karatasi ya kumchelewesha mtu masikini asiyekuwa na muda wa kupanga foleni. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mkulima wa Donge au mvuvi wa Nungwi akiumwa mgongo leo, hupima nauli na siku ya kazi itakayopotea, akaona dukani ni karibu. Lakini jibu la umbali ni kuileta huduma karibu, na hospitali za wilaya zimejengwa kwa ajili hiyo. Jibu la umbali haliwezi kuwa kumfanya muuza duka kuwa daktari. Cheti ni mkataba baina ya watu watatu, anayeandika, anayetoa na anayetumia, kwamba kila mmoja atamjibu mwenzake. Asiyekuwa na cheti hana wa kumwuliza siku kidonge kitakapomgeuka.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Namba 2 ya 2006 imempa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar uwezo wa kukagua na kufunga. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar. Sheria iliyokaa rafuni, hata hivyo, haina mikono. Ukaguzi wa duka la dawa usiishie kutazama kama leseni imetundikwa ukutani. Mkaguzi afungue daftari, ahesabu vidonge vya tramadoli vilivyonunuliwa, ahesabu vyeti vilivyopokelewa, na atake kujua tofauti imekwenda wapi. Mwenye duka ambaye hesabu yake haikubaliani asipewe nasaha ya tatu baada ya kupuuza mbili.

Kwa matabibu tunasema hivi: idadi ya vidonge nayo ni matibabu. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2016, baada ya msiba kuwafika, ulisema kwamba kwa maumivu ya ghafla siku tatu au pungufu hutosha mara nyingi, na ni nadra kuhitaji zaidi ya saba. Anayempa mgonjwa wa jino au wa mguu ulioteguka vidonge vya mwezi mzima anamwachia nyumbani akiba ya hatari, na akiba hiyo mara nyingi huliwa na mtu mwingine. Tunajua pia kwamba mgonjwa wa kwetu huona hakutibiwa asipopewa dawa “kali”. Kumkatalia kwa upole na kumweleza ni sehemu ya kazi ya tabibu, ijapokuwa nje foleni ni ndefu.

Lakini tusijifiche nyuma ya matabibu. Wewe mtumishi wa umma unayesoma gazeti hili ndiwe mwenye uwezo wa kuuvunja utaratibu huu au kuusimamisha. Mvunja sheria wa kwanza katika jambo hili si mhuni. Ni mtu wa heshima, mwenye jamaa hospitalini au rafiki dukani, anayesema kwa sauti ya chini: “Ndugu yangu, nitilie pakiti moja tu, mgongo waniua.” Anayeombwa huona haya kukataa, kwa kuwa kesho naye atakuwa na shida katika afisi ya mwombaji. Hivyo kujuana kunafanya kazi ya cheti. Undugu wa namna hiyo haumsaidii ndugu. Kila pakiti inayotoka kwa kujuana inamfundisha kijana anayesimama kaunta kwamba sheria ni kwa ajili ya wasiojulikana tu, na kijana huyo kesho atamwuzia mwingine kwa fedha.

Kwa walimu tunasema: watoto wa skuli wameelezwa mara nyingi juu ya unga na bangi, na wengi wao wanaweza kukariri hatari zake. Ni wachache walioambiwa kwamba kidonge kilichotoka katika boksi safi, chenye maandishi ya Kiingereza na tarehe ya mwisho wa matumizi, kinaweza kuwa cha ukoo ule ule. Somo hilo halihitaji mtaala mpya wala semina. Linahitaji dakika kumi za mwalimu wa sayansi, na mwalimu mkuu atakayemwita mzazi mapema anapomwona mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu akisinzia kila siku, badala ya kungoja mtihani ushindwe.

Kwa aliyekwisha kunaswa, tusirudie dhulma tuliyowatendea wa mwanzo. Miaka mingi tuliwaita mateja, tukawafukuza barazani, tukashangaa kwa nini hawaji kutibiwa. Aliyezoea vidonge baada ya operesheni au ajali hakuchagua kuwa hivyo. Mtu huyo anaweza kuwa karani mwenzako. Akijua kwamba atakayemweleza atamdharau, ataficha mpaka mshahara wote uende dukani, na baadaye kichochoroni. Anahitaji daktari wa kumpunguzia dawa kidogo kidogo, na anahitaji jamaa wasiomcheka. Kidongo Chekundu na soba zimetufunza kwamba watu hurudi, wakifanya kazi na kulea watoto wao, pale wanapopokewa.

Wakoloni waliacha kasumba katika vichwa vya watu, na kuitoa kumetugharimu vizazi. Kasumba hii ya pili haikuachwa na mtu. Tukiiruhusu, tutakuwa tumeiruhusu sisi wenyewe, kwa haya, kwa kujuana na kwa uvivu wa kuhesabu. Mgonjwa mwenye maumivu apewe dawa yake yote, bila ya choyo na bila ya hofu. Asiyekuwa na cheti asipewe hata moja, awe nani. Daftari la duka la dawa ni jembamba, lakini kwa jambo hili ndilo boma letu, na kulilinda ni wajibu wa kila aliyekabidhiwa afisi, darasa au ufunguo wa kabati.